MALI BILA DAFTARI: KUPANGA KAZI ZA SHAMBA NA ZA NYUMBA

Wasomaji wetu, wazee wana usemi wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu aghalabu hutajwa katika mambo ya fedha tu, lakini sisi twaona ya kuwa ni wa kweli vile vile kwa siku za mwaka na kwa nguvu za mikono. Mtu asiyehesabu siku zake hupotewa nazo kama senti katika mfuko uliotoboka, na mwisho wake si aibu tu, ni njaa. Basi leo twapenda kueleza jinsi mtu wa shamba awezavyo kupanga kazi zake, na kwa sababu gani yampasa kufanya hivyo.

Kwanza tutazame mwaka. Kuhesabu siku za kazi si jambo geni kwetu. Wazee wa pwani walijua tangu kale ya kuwa mwaka wa mwezi mwandamo, wenye siku 354 hivi, haumfai mkulima, maana kila mwaka hurudi nyuma siku 11 na kuachana na mvua. Kwa hiyo walishika pia mwaka wa jua wenye siku 365, wakaugawanya katika miongo 36, kila mwongo siku kumi, na siku tano zikabaki mwishoni. Kwa miongo hiyo walijua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri baharini. Hata leo watu wa Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, husherehekea siku ya Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai. Tukiwaambia wasomaji kwamba yafaa kuwa na kalenda ya kazi, hatuwaletei desturi ya wageni. Twawakumbusha akili ya babu zao.

Njia iliyo bora ya kutengeneza kalenda hiyo ni kuanza mwisho na kurudi nyuma. Tuseme mahali pako masika huanza katikati ya Machi. Basi shamba na liwe limekwisha kulimwa mwisho wa Februari. Ili liwe limekwisha kulimwa, majembe na yawe na mipini mizima katika Januari. Mbegu nazo zijaribiwe juma la tatu kabla ya mvua: hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku saba uhesabu zilizochipua. Zikiwa 90, mbegu ni njema. Zikiwa 60, tafuta nyingine ungali na nafasi. Atumiaye mbegu chotara za dukani na akumbuke kwamba hizo hazifai kuchaguliwa katika mavuno yake, bali hununuliwa upya kila mwaka. Kwa hiyo fedha yake itengwe tangu siku ya kuuza mazao. Mahali penye mvua za msimu mmoja, zinazoanza Novemba au Desemba, hesabu ni ile ile, ila miezi hubadilika.

Pengine msomaji atauliza, “Je, nikichelewa majuma mawili, pana hasara gani, maadamu mvua bado yanyesha?” Hasara ni kubwa. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Muguga katika nchi ya Kenya, alieleza ya kuwa udongo uliokauka sana ukipata maji ya kwanza, vijidudu vilivyomo huamka na kuozesha mabaki ya majani, hata chakula cha mimea kiitwacho naitrojeni kikatoka kwa wingi kwa muda mfupi. Mahindi yaliyokwisha kupandwa hukipata chakula hicho. Yaliyochelewa huikuta mvua imekwisha kukichukua chini mahali ambapo mizizi haifiki. Tena mvua ikikatika mapema, aliyechelewa hupatwa na ukame wakati mahindi yake yanapotoa mbelewele. Ndiyo maana mpini wa jembe usiotengenezwa katika Januari waweza kupunguza ghala katika Agosti.

Pili tutazame ghala. Hapa twaomba wasomaji wachukue kalamu. Tuseme nyumba ina watu sita, na debe moja la mahindi huwatosha siku nane. Kwa mwaka mzima watahitaji madebe 46. Mwenye nyumba amevuna madebe 50 katika mwezi wa Julai. Akiweka moja la mbegu, yabaki 49. Awezayo kuuza ni matatu tu. Lakini hakuhesabu. Aliona ghala limejaa, akauza 15 wakati ambapo kila mtu anauza na bei iko chini. Yamebaki 34, yaani chakula cha siku 272. Akianza kula tarehe 1 Agosti, ghala litakuwa tupu mwisho wa Aprili, nayo mavuno yangali mbali miezi mitatu.

Tazameni sasa yatakayomfika. Mei ni wakati wa palizi. Mtu huyu, kwa kuwa watoto wake wana njaa, hana budi kwenda kulima shamba la mwingine apate debe la mahindi, nalo kwa bei iliyokwisha panda. Shamba lake mwenyewe lajaa magugu. Akivuna hupata madebe machache kuliko ya mwaka uliotangulia, na mwaka ujao njaa humjia mapema zaidi. Jirani zake husema ni mvivu, kumbe amefanya kazi kuwashinda wote! Alichokosa si nguvu, ni hesabu. Kama angaliandika siku ya kuvuna, angalijua ya kuwa deni lake lilipwe kwa kuuza kuku au ndizi, wala si kwa kuuza chakula cha Mei.

Tatu ni daftari lenyewe. Halihitaji elimu kubwa. Chora mistari upate safu nne: tarehe, jambo, kilichoingia, kilichotoka. Andika siku ile ile, kwa maana habari ya jana hukumbukwa nusu. Kila mwisho wa mwezi jumlisha, na uhesabu madebe yaliyomo ghalani uone kama yalingana na maandiko. Wafanya biashara wa Venice, katika Italia, walikuwa na desturi ya kuandika kila jambo mara mbili, mahali lilipotoka na mahali lilipokwenda, ili kosa lijionyeshe lenyewe. Naye mtawa Luca Pacioli aliieleza desturi hiyo katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1494. Sisi hatuhitaji kufika huko. Yatosha mume na mke wote wawili walione daftari, maana mara nyingi mke ndiye ajuaye kipimo cha chungu, na mume ndiye apokeaye fedha ya mazao. Wasipoketi pamoja, kila mmoja ana nusu ya hesabu.

Nne ni siku. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima, na saa zetu huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua. Kwa hiyo kazi nzito na ifanywe tangu saa 12 hata saa 4 asubuhi, wakati wa ubaridi. Kazi za kivulini, kama kusuka kamba, kutia mipini na kuandika daftari, zingoje jua kali. Usiku, kabla ya kulala, chagua kazi moja ya kesho ambayo haikubali kuahirishwa, uianze hiyo kwanza. Mshika mawili moja humponyoka. Na kila chombo kiwe na mahali pake, kwa maana atafutaye panga nusu saa amekwisha poteza ubaridi wa asubuhi.

Machifu na waalimu, nanyi mna sehemu yenu. Baraza likiitwa katika juma la kwanza la mvua, kijiji kizima huchelewa kupanda. Basi mambo yasiyo ya haraka yawekwe katika miezi ya kiangazi. Mwalimu naye aweza kuwapa watoto hesabu ya ghala badala ya hesabu za vitu wasivyoviona, nao watakwenda nazo nyumbani kwa wazazi wasiojua kusoma.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Asiye na daftari na aanze kwa karatasi moja, na jambo la kwanza aliandike leo: madebe yaliyomo ghalani, na siku zilizobaki hata mavuno.