UZI UNAOKAUKIA HEWANI

Sote twajua kwamba uji na ugali hutoka kwa unga ule ule. Tofauti ni maji tu. Basi hata uzi wa kiwandani una mambo hayo hayo.

Chukueni uzi wa asetati. Ndugu wawili kutoka Uswisi, Camille na Henri Dreyfus, waliuanzishia biashara huko Spondon, Uingereza, mwaka wa 1921. Asetati huyeyushwa ndani ya asetoni, kisha myeyusho husukumwa kupitia vitundu vidogo mno. Hewa moto huiondoa asetoni, uzi ukabaki.

Je, kipimo ni kipi? Kwa kawaida asetati huwa kama asilimia 20 hadi 30 ya myeyusho. Ukiwa mwepesi kama uji wa mgonjwa, hukatika ukawa matone kabla ya kukauka. Tena asetoni ya kukausha huwa nyingi, na mvuke wake hushika moto upesi! Ukiwa mzito kama ugali nao, hauchujiki vizuri, huziba vitundu, na kuusukuma ni kazi ngumu.

Ajabu ni kwamba ngozi ya uzi hutangulia kukauka. Asetoni ya ndani ikitoka baadaye, ngozi hunywea na kufanya mikunjo. Myeyusho ukiwa mwepesi, hunywea zaidi.

Kwa hivyo mwalimu wa kemia akikwambia upime sawasawa, usinune. Kipimo kikikosewa, uzi hakuna, na nguo hakuna!