Kompyuta inazimika yenyewe: si kuran kila mara, joto pia linaizima

Mwanafunzi anaandika TFC yake usiku. Kuran iko, batri imejaa, lakini kompyuta inazimika ghafla. Anaiwasha, inafanya dakika kumi, inazimika tena. Kesho yake anaenda kununua batri mpya, na shida inabaki ileile.

Mara nyingi shida ni joto. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote. Kikifanya kazi kinatoa joto, ndiyo maana juu yake kunawekwa chuma cha kupokea joto na ventilateri ya kulisukuma nje. Mashini ikiwa imetulia, digri 35 hadi 50 ni sawa. Kwa kazi nzito, kama kutengeneza video, 60 hadi 80 haitishi. Ikikaa juu ya 90 muda mrefu, kuna kitu hakiendi. Prosesa nyingi za Intel zina mpaka wa digri 100, za AMD nyingi 95. Ikikaribia mpaka huo, prosesa inapunguza mwendo yenyewe, ndipo mtu analalamika kwamba mashini imekuwa nzito. Joto likizidi kupanda, inazima kila kitu ili isiungue. Inajiokoa, lakini kurasa ambazo hazikuhifadhiwa zinapotea.

Kupima si kazi ngumu. Programu kama HWMonitor ao Core Temp ni za bure na zinaonyesha digri wakati mtu anaendelea na kazi yake.

Katika mji kama Goma, adui wa kwanza ni vumbi, lile jeusi la mawe ya volkano linaloingia hata dirisha likifungwa. Linajaa kwenye chuma hadi hewa haipiti tena. Katika sekretariati publiki nyingi, watu wanafunika mashini kwa kitambaa ili kuikinga, wazo zuri kabisa, ila wanakiacha hata mashini ikiwa inafanya kazi! Ni sawa na kumvalisha mtu koti anapolima juani. Kompyuta ya kubeba iliyowekwa juu ya kitanda ao mapajani nayo inazibwa matundu ya chini. Ubao ao meza inatosha.

Kusafisha kunaanza kwa kuzima, kuchomoa waya na kutoa batri kama inatoka. Kisha unapuliza vumbi ukiwa umeshika mabawa ya ventilateri kwa kidole, kwa sababu yakizunguka kwa nguvu sana yanaweza kuharibika. Kitambaa chenye maji hakifai hapo.

Kwa mashini za okazioni, ambazo ndizo nyingi kwetu, kuna jambo lingine. Kati ya prosesa na chuma kunapakwa dawa laini ya kupitisha joto, na baada ya miaka inakauka. Fundi anafuta ile ya zamani kwa alkoli na kuweka mpya, kiasi cha punje ya mchele ao zaidi kidogo. Kupaka nyingi hakuongezi baridi. Kama vumbi limetoka na digri bado zinaruka juu ya 90 bila kazi yoyote, mwambie fundi aangalie hapo, na pia kama ventilateri inazunguka.

Na usiku ule inapozimika, usiiwashe na kuiwasha. Iache ipoe dakika 20, halafu kazi ya kwanza iwe kunakili TFC kwenye flashi.