Motokari ya umeme kwa jamaa ya watu saba: tuhesabu kwanza

Nyumbani kwetu tuko saba: baba, mama, watoto wanne na nkambo. Miaka mitatu tumekuwa tukiweka akiba ya motokari. Mwezi uliopita muuzaji mmoja hapa Lubumbashi alituonyesha Nissan e-NV200 iliyotumika, motokari ya umeme yenye viti saba. Milango ya pembeni inateleza, nkambo aliingia bila shida. Watoto walikwisha kugawana viti.

Tulirudi nyumbani, tukafungua daftari.

Swali la kwanza: tunatembea kilometa ngapi? Masomo, kazi, soko na kanisa, ni 28 kwa siku. Batri ya zile za kwanza ni ya kilowati-saa 24, na kiwanda kiliandika kilometa 170. Kwa njia zetu, ikiwa imezeeka na imebeba watu saba, hatutegemei hata 100. Mjini inatosha. Lakini Likasi kwa shangazi ni karibu 120. Kule tutaendelea kupanda basi.

Swali la pili: umeme. Tunajua sote unavyokatika. Kwa siku 30 tuliandika saa unapokuja na saa unapokwenda. Tuliogopa, maana kujaza batri tupu kwenye priza ya nyumbani kunaomba saa kumi na zaidi. Kumbe si lazima kuijaza yote kila usiku. Inatosha kurudisha kile tulichotumia mchana, na kwa kilometa 28 ni karibu saa tatu. Usiku 24 kati ya 30 tulizipata saa hizo. Fundi wa umeme alituonya tu kwamba priza yetu ya zamani ingeungua. Inatakiwa waya mpya, mnene, ya peke yake.

Swali la tatu ndilo lilituzuia. Mbele ya dereva, kando ya kipimo cha kujaa, kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha nguvu iliyobaki katika batri. Kila inavyochakaa, vinapungua. Motokari ile ilibaki na 8. Tungeinunua, kesho tungetafuta batri nyingine, na pesa iliyobaki ni minervali ya watoto. Tena usukani ulikuwa kuume, na sisi tunaendesha upande wa kuume: kupita lori bila kuona mbele ni hatari.

Tulikataa. Watoto walinuna siku mbili. Tunangoja nyingine yenye vipande 11 au 12, usukani kushoto.

Nanyi, kabla ya kutoa franka moja, andikeni kilometa zenu, andikeni saa za umeme, kisha mwombe muuzaji awashe motokari mhesabu vipande. Akikataa kuiwasha, mwachieni motokari yake.