Kuotesha Mikindu, Mipopoo na Mitende kwa Mbegu

Miti ya jamii ya mnazi hupandwa mbele ya nyumba, shule na ofisi za vyama kwa ajili ya mapambo na kivuli. Mkindu, mpopoo, mtende, mvumo na mnazi wenyewe yote ni ya jamii hiyo. Miche yake ni ya bei kubwa kwa sababu hukaa kitaluni muda mrefu kabla ya kufaa kuuzwa. Mwanachama mwenye ua mdogo, maji na kivuli aweza kuiotesha mwenyewe kwa gharama ndogo. Hata hivyo wengi hujaribu wakashindwa, na aghalabu kosa huwa limekwisha kutendeka kabla mbegu haijafika udongoni.

Mkulima amezoea kuanika mbegu ya mahindi na kuiweka ghalani mpaka mvua inyeshe. Mazoea hayo ndiyo yanayoua mbegu nyingi za miti hii, kwa kuwa zikikauka hufa. Popoo ziuzwazo sokoni kwa watafuna tambuu zimekaushwa. Hata likifukiwa gunia zima, hakuna kitakachoota. Popoo ya kupanda huokotwa chini ya mti, imeiva na ganda lake limegeuka rangi ya chungwa, ikapandwa katika siku chache zinazofuata. Hali kadhalika nazi ya mbegu iwe imekomaa kabisa; koroma haifai. Kwa hiyo chama kinachowanunulia wanachama wake mbegu kisitoe fedha kwa muuzaji asiyeweza kueleza zilichumwa lini.

Tende ina tabia yake peke yake. Kokwa yake hustahimili ukavu kwa muda mrefu. Mwaka 2005, nchini Israel, ilipandwa kokwa iliyofukuliwa katika magofu ya Masada, yenye umri wa miaka ipatayo 2,000, nayo ikaota. Kokwa za tende zilizoliwa mwezi wa Ramadhani basi zaweza kungoja. Lakini mtende wa kokwa haufuati sifa za mama yake, na takriban nusu ya miche huwa ya kiume, isiyozaa. Jambo hilo halijulikani mpaka miti itoe maua, miaka kadhaa baadaye. Kwa mapambo si hasara. Atakaye tende za kula atafute chipukizi la pembeni mwa shina la mtende unaojulikana kwa uzao wake.

Matunda ya mkindu huondolewa nyama kwanza, maana nyama hiyo huchelewesha kuota na huvuta ukungu na wadudu. Yalowekwe siku mbili au tatu, maji yakibadilishwa kila siku, kisha yasuguliwe kwa mchanga na kusuuzwa. Iko miti ya mapambo ya kigeni, yenye majani mfano wa mkia wa samaki, ambayo matunda yake huwasha vibaya. Mwenye kuyashika avae glavu.

Kasha la kuatikia liwe na kina cha sentimita 20 au zaidi na matundu chini. Mchanga wa mto uliochanganywa na mboji, au na vumbi la makumbi ya nazi, wafaa sana. Mbegu zifunikwe kidogo tu, udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji. Joto la nyuzi 25 hadi 35 ndilo zinalolipenda. Pwani hapana taabu. Kwenye nyanda za baridi kasha liwekwe penye ukuta upatao jua, na subira iongezwe.

Hapo kwenye subira ndipo mbegu nyingi nzuri hupotea. Mbegu ya mkindu aghalabu huota baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, nazi baada ya miezi mitatu na zaidi. Mchikichi hulala hata mwaka, na ndiyo sababu vituo vya mbegu huipasha joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa miezi miwili au zaidi. Asiyejua hayo humwaga kasha mwezi wa pili akidhani mbegu zimeoza. Katibu mwenye kitalu cha chama na aandike katika daftari aina ya mbegu, siku ya kuokotwa na siku ya kupandwa, ili asiwepo wa kukisia.

Kasha lisifukuliwe kwa udadisi. Katika mkindu na mtende hutangulia kijiti cheupe kielekeacho chini, na mche huchomoza baadaye pembeni mwa mbegu. Kijiti kikivunjika, mche umekwisha. Mvumo hushuka kina kirefu mno, hivyo upandwe moja kwa moja mahali utakapokaa. Mche wa mnazi hulishwa na joya lililo ndani ya nazi, basi usitenganishwe na nazi yake.

Mche wenye jani moja au mawili huhamishiwa kopo refu, chini ya kivuli cha makuti kinachopunguzwa kidogo kidogo. Kilele kisikatwe kamwe. Shina la miti hii lina kilele kimoja, nacho kikifa shina hufa. Magogo ya minazi yanayooza na marundo ya samadi yasiwe karibu, kwani ndimo azalianamo chonga, mdudu atoboaye kilele.

Kwa nyumba zenye wasusi wa mikeka, mkindu una faida ya pili. Ukindu hutoka katika makuti machanga yasiyofunguka, na msusi asiye na mti wake huutafuta mabondeni. Mkindu huchipua mashina mengi, hivyo msusi akate kwa zamu, shina moja likipumzika lingine likitumika. Upandwe mbali na mlango na njia ya watoto, kwa sababu chini ya makuti yake mna miiba mikali.