Mbio za Magauni Mekundu

Mhasibu mwenye ndevu, ofisa wa ubalozi mwenye kitambi, mhandisi wa barabara na mwalimu wa shule ya kimataifa wanakatiza mtaa jioni, wote wakiwa na magauni mekundu na raba, mmoja akipuliza tarumbeta. Wauza mahindi wanaacha kupepea majiko. Watoto wanajiunga kwa nyuma. Asiyeambiwa atadhani kuna filamu inapigwa, au kuna watu wametoroka mahali fulani.

Ni Hash House Harriers, kundi la mbio na kinywaji ambalo kwa miaka mingi limekuwa kimbilio la wageni wanaofanya kazi nje ya nchi zao. Vikundi vyake vinakaribia 2,000 duniani, lakini hakuna makao makuu wala mwenyekiti wa wote. Kila mji unajiendeshea mambo yake. Vingi vina siku moja ya mwaka ambayo wanaume kwa wanawake hukimbia ndani ya gauni jekundu.

Mambo yalianzia Kuala Lumpur mwaka 1938, Malaya ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Mhasibu aitwaye Albert Gispert na wenzake walikuwa wakiishi na kula katika nyumba ya wanachama wa Selangor Club, ambako chakula kilikuwa kilekile kila siku. Jina la kundi lilitokana na jina la utani walilolipa bwalo hilo. Walichokifanya ni kufufua mchezo wa watoto wa shule wa Uingereza: mmoja anakuwa sungura, anatangulia akidondosha vipande vya karatasi, na wengine wanamfuata kama mbwa wa kuwinda. Gispert hakuishi kuuona mchezo huo ukienea. Aliuawa Singapore tarehe 11 Februari 1942, Wajapani walipokuwa wakiuteka mji. Walionusurika walianza tena mwaka 1946, na serikali ilipowataka wajiandikishe mwaka 1950 walitaja malengo yao bila aibu: kujenga mwili, kuondoa uchovu wa pombe ya wikendi, kupata kiu na kuikata kwa bia, na kuwafanya wazee waone kwamba hawajazeeka kiasi wanachodhani.

Siku hizi karatasi zimeachia nafasi unga na chaki. Sungura akifika njia panda huchora duara, na hapo njia inapotea. Wenye mbio hutawanyika huku na huku kutafuta alama inayofuata, wakirudi kichwa chini kila wanapokosea, huku wenye vitambi wakiwafikia taratibu na kupumzika. Mchezo umetengenezwa makusudi ili asiwepo mshindi. Mwisho wa safari hupangwa duara la watu, na kesi zinasikilizwa. Aliyekuja na viatu vipya hunyweshwa bia kutoka ndani ya kiatu chake mwenyewe, jasho na yote. Aliyejisifu kwa kasi ana adhabu yake. Asiyekunywa pombe hupewa soda au maji, na hukumu inabaki palepale. Mwanachama aliyekaa muda hupewa jina la utani, mara nyingi lisilofaa kutamkwa mbele ya wakwe, na wenzake wanaweza kumwita hivyo miaka mitatu bila kujua jina lililo kwenye pasipoti yake.

Gauni liliingia mwaka 1987. Mwanamke Mmarekani, Donna Rhinehart, alifika California kumtembelea rafiki akiwa amevaa gauni jekundu. Akapelekwa mbioni, na mtu mmoja akamshauri asubiri ndani ya gari kwa kuwa hakuvaa nguo za kukimbilia. Alishuka akakimbia vilevile alivyo. Mwaka uliofuata kundi la San Diego lilimwalika kwenye mbio ambazo kila mtu alivaa gauni jekundu kwa heshima yake, naye akapendekeza siku hiyo itumike kuchangia misaada. Ndivyo ilivyo hadi leo. Mbio za New Orleans, kila Agosti, huvuta maelfu.

Gauni la kumwenea mwanaume wa kilo 100 halipatikani kirahisi dukani. Mitumbani ndiko kwenye bahati, na hata huko zipu hugoma kiunoni, mpaka fundi cherehani apasue ubavuni na kupachika kipande cha kanga. Kazi yote hiyo ina faida yake. Mtu aliyehamishiwa nchi ya watu kwa mkataba hutambulishwa kwa cheo kila anakokwenda, na hujikuta akila chakula cha jioni na walewale wa ofisini. Ndani ya gauni linalombana makwapa, bosi na dereva wake wanachekwa sawasawa.

Hata hivyo, kuchekwa ni rahisi zaidi kwa mgeni. Meneja wa benki mzaliwa wa mtaa akipita hivyo, wazee watamwitia kikao. Mgeni husamehewa kwa sababu hatarajiwi kujua. Na unga nao una tafsiri zake. Mwaka 2007 huko New Haven, Marekani, alama za unga kwenye maegesho ya duka kubwa ziliwatia watu hofu ya sumu, duka likafungwa na waliozimwaga wakashtakiwa. Huku kwetu, anayekuta duara jeupe njia panda alfajiri hawezi kulaumiwa akilikwepa na kuanza kuwaza ni mganga gani amepita.

Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zote zina vikundi vyao, na Kampala wenyeji wamekuwa wengi kuliko wageni. Hao hawana upweke wa ugenini wa kuutibu. Wanafuata mbio, bia na vicheko. Gauni lao hulichagua kwa uangalifu kuliko Mzungu yeyote, maana njiani wanaweza kukutana na mama mkwe.