Ucheshi Mchafu Katika Hadithi za Michoro: Tucheke au Tuhakiki?

Huenda umewahi kuona kitabu cha vibonzo kikizungushwa chini ya madawati huku wanafunzi wakiziba vinywa wasiangue kicheko. Mwalimu hukitwaa, akasema ni matusi, na mjadala ukaishia hapo. Makala haya yananuia kuuendeleza.

Ucheshi mchafu ni kuchekesha kwa kuonyesha yale ambayo adabu huyasitiri: haja, tupu, uzazi, ulevi. Mbinu hii si ngeni. Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad katika karne ya 8, alisifika kwa tungo za mvinyo zilizowaudhi wengi, na aliwahi kufungwa. Fasihi simulizi ya Waswahili ilimfanya Abunuwasi, mjanja wa hekaya. Mnamo 1996, Gado, mchoraji Mtanzania aliyefanya kazi Nairobi, alimtolea kitabu cha michoro kiitwacho Abunuwasi, kilichochapishwa na Sasa Sema.

Je, mchoro huongeza nini? Chukua hekaya ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo, akidai kuwa imezaa. Jirani anapokea vyote kwa furaha. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, kisha anatangaza kuwa sufuria imekufa. Jirani aliyekubali uzazi hawezi kukataa kifo.

Sasa tuseme mchoraji anaandika maneno "Sufuria imejifungua salama", lakini anachora sufuria iliyochanua miguu, inatokwa na jasho, mkunga yuko tayari. (Huu ni mfano wangu wa darasani, haumo katika kitabu cha Gado.) Maneno yametumia tasfida, picha imeivua. Kicheko kinatoka katika mgongano huo. Ukiitazama picha vizuri, utaona kwamba anayeaibishwa si mzazi bali jirani: uongo umewekwa wazi mbele ya macho yake, naye akaufumbia macho kwa kuwa unamfaidi. Uchafu wa picha umefichua tamaa.

Kwa hivyo, mtahiniwa anayeandika tu kwamba "mwandishi ametumia matusi" hajahakiki. Jiulize: Nani anachekwa? Ana nguvu gani? Kicheko kinafichua nini?

Swali la pili ndilo zito. Sisi tunaofundisha huku Nawoitorong, Lodwar na Kakuma tunalijua vyema. Mchoro unaomvua sultani mnene joho lake humrudisha mkubwa katika ubinadamu wake. Mchoro unaomchora mfugaji wa Kiturkana nusu uchi, akiushangaa mji kama mpumbavu, haufichui lolote. Unarudia tu dharau ambayo tayari ipo. Hali ni iyo hiyo kwa mkimbizi. Mwana wa mfugaji na mwana wa mkimbizi kutoka kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, huenda wakaketi dawati moja. Darasa likicheka, wao watacheka pia ili wasionekane kuumia. Mwalimu asidanganywe na kicheko hicho.

Utamaduni wetu una kipimo chake: utani. Watani hutoleana maneno makali, hata msibani, lakini kila mmoja ana haki ya kujibu. Anayechekwa akinyimwa nafasi ya kujibu, utani umekwisha. Kilichobaki ni dhihaka. Tazama basi kama mhusika anayechekwa amepewa sauti, au amechorwa tu.

Mwalimu mwenzangu, usikifungie kabatini kitabu kabla ya kukisoma. Teua ukurasa mmoja, uutumie kufunza tasfida, kejeli na kinaya. Mtahiniwa nawe, vitabu vya michoro si kawaida kuwa vitabu teule vya KCSE, lakini mbinu hizi zimo katika riwaya, tamthilia na hekaya unazosoma. Unapojibu, taja mbinu, toa mfano, eleza umuhimu wake. Na hata kama matini yanatumia lugha chafu, wewe andika kwa tasfida: "kwenda haja", "kujifungua".

Zoezi
(a) Tofautisha utani na dhihaka. (alama 4)
(b) "Kicheko cha hekaya ni silaha ya mnyonge." Jadili ukirejelea hekaya mbili unazozifahamu. (alama 10)