Gramu Ina Risiti: Rekodi za Fedha na Kura Kutoka Shinyanga hadi Geita

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu akipata dhahabu yake, anaipeleka sokoni. Inapimwa, jina la muuzaji na la mnunuzi linaandikwa, mrabaha unakatwa, karatasi inatoka. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa tarehe 17 Machi 2019. Miaka tisa kamili kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2010, Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lengo la sheria hiyo lilikuwa kuzifanyia fedha za kampeni kile ambacho soko lilikuja kuifanyia dhahabu: ijulikane zimetoka kwa nani, ni kiasi gani, zimeishia wapi. Dhahabu imepata risiti yake. Kuhusu kura, hizi hapa rekodi nilizozikusanya katika ukanda huu na jirani zake.

Kura ngumu kuliko zote kuipata

Ni ya mwaka 1958. Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Mwafrika hakupewa kura kwa kuzaliwa hapa. Alitakiwa awe na kiwango fulani cha elimu, au cheo kinachotambulika, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule. Mkulima wa pamba wa Usukuma, ambaye zao lake liliiingizia serikali fedha za kigeni, alibaki nje ya foleni. Na aliyefuzu alilazimishwa kupiga kura tatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Mwaka huohuo wananchi wa Geita walikuwa wamefurika Mwanza mjini kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilopachikiwa bila kuulizwa. Watu ambao serikali iliwaona ni maskini mno kupiga kura walipata njia nyingine ya kusema, na sera ile ya mabaraza haikudumu.

Kampeni nafuu kuliko zote

Hii nataka kukaa nayo kidogo, kwa sababu vijana wengi hawajawahi kuisikia.

Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, TANU iliteua wagombea wawili karibu kwa kila jimbo na kugharimia kampeni zote. Wagombea walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakajibu maswali ya watu walewale. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi, na lugha ya jukwaani ilikuwa Kiswahili tu. Hapakuwa na magari ya mgombea, fulana zake, wala wapambe wa kumtangulia kijijini na bahasha. Tajiri na mwalimu wa shule ya msingi walisimama sawasawa mbele ya mpiga kura.

Matokeo yake? Waziri wa Fedha alianguka. Paul Bomani, mtu aliyejenga ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa kuanzia chini hadi ukawa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa barani Afrika, alipoteza jimbo lake la Mwanza. Hakuwa peke yake. Mawaziri wadogo na wabunge kadhaa walikwenda naye. Mwaka ule mpiga kura wa Kanda ya Ziwa alimpima kigogo wa hazina ya taifa kwa kazi yake tu, na akamwondoa.

Mfumo ule ulikuwa na ubovu wake mkubwa. Chama kilikuwa kimoja, na vikao vya juu ndivyo vilivyoamua majina mawili ya mwisho. Sitaki turudi huko. Lakini jukwaa la pamoja linalolipiwa na umma ni wazo lililofanya kazi hapahapa kwetu, na sioni sababu ya msingi ya kutolitumia katika vyama vingi.

Jina la utani lenye fedha nyingi kuliko yote

Bwana Mapesa. John Cheyo wa UDP, mwana wa Bariadi, wakati huo Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, alizunguka nchi mwaka 1995 akiahidi kuwatajirisha watu, na jina likamganda. Katika mchuano ule wa urais alipata takribani asilimia 4 ya kura, na chama chake kikapata viti vya ubunge katika mkoa huo. Cheyo aliahidi mapesa hadharani, mchana kweupe, akaachia watu waamue. Wasiotangaza ahadi zao ndio waliotusumbua zaidi.

Ukarimu ghali kuliko wote

Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuhalalisha takrima, yaani kile ambacho mgombea anakitoa kwa nia njema kama ukarimu wa jadi. Chaguzi kuu mbili, ya 2000 na ya 2005, zilipita chini ya kifungu hicho. Kila aliyeishi vijijini anakumbuka: pilau, soda, khanga, fulana, na kwenye vikao vya wajumbe wa chama, noti. Aliyekuwa na ng'ombe wa kuchinja alikuwa mkarimu kisheria. Asiyekuwa naye alikuwa bahili, na huko Usukumani ubahili haumpi mtu uongozi.

Mashirika matatu ya kiraia, LHRC, LEAT na NOLA, yalikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 24 Aprili 2006, majaji Kimaro, Massati na Mihayo walivifuta vifungu vya takrima kwa kukiuka Katiba: vilimbagua mgombea asiye na fedha, na hakuna aliyeweza kuonyesha mpaka kati ya ukarimu na rushwa. Kwangu mimi hukumu hii ina uzito kuliko Sheria ya Gharama za Uchaguzi iliyoifuata miaka minne baadaye. Sheria ilikuja na fomu, viwango na tarehe za kuwasilisha hesabu. Hukumu ilimwambia mama wa Kishapu kwamba kilo ya sukari aliyopewa haimdai kitu, na kijana wa Bukombe asiye na duka wala duara la dhahabu kwamba naye anaweza kuchukua fomu.

Mlango wa mahakama uliokuwa na bei kubwa kuliko yote

Shilingi milioni 5. Ndiyo dhamana aliyotakiwa kuiweka mtu yeyote kabla kesi yake ya kupinga matokeo haijasikilizwa. Julius Ndyanabo, aliyelalamikia uchaguzi wa mwaka 2000 katika Jimbo la Nkenge, Kagera, alikataa sharti hilo. Tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilisema haki haiwezi kufungiwa nyuma ya kiasi ambacho Watanzania wengi hawawezi kukipata. Dhamana ilirudi baadaye kwa sura nyingine, lakini sasa mlalamikaji anaweza kuiomba mahakama imwondolee mzigo. Kwa mkulima anayesubiri msimu wa pamba ndipo ashike fedha, hayo ni mageuzi makubwa.

Ushindi mwembamba kuliko wote

Shinyanga Mjini, 2010, uchaguzi wa kwanza chini ya Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Philip Shelembi wa CHADEMA kwa tofauti ya kura moja.

Chukua hesabu hiyo uiweke karibu na mambo tunayoyaona kila kampeni. Bodaboda waliojaziwa mafuta ili wasindikize msafara. Shahada ya kupigia kura iliyonunuliwa ili mwenyewe asiitumie. Mzee aliyebebwa kwa gari la mgombea hadi kituoni. Simtuhumu yeyote katika uchaguzi ule. Ninachosema ni kwamba tofauti ikiwa moja, hakuna takrima ndogo.

Daraja lililofika mbali kuliko yote mahakamani

Rostam Aziz alipojiuzulu ubunge wa Igunga mwaka 2011, jimbo hilo la Tabora linalopakana na Shinyanga lilipata uchaguzi mdogo uliovuta vigogo wa nchi nzima. Dalaly Kafumu wa CCM alishinda. Agosti 2012 Mahakama Kuu ilitengua ushindi huo, na miongoni mwa sababu ni kauli ya John Magufuli, Waziri wa Ujenzi wakati huo, kuhusu daraja la Mbutu, pamoja na ugawaji wa mahindi ya msaada wakati wa kampeni. Mahakama ya Rufani ilimrudishia Kafumu kiti chake.

Kesi hii imegusa mahali ambapo sheria ya gharama haifiki vizuri. Sheria inahesabu mafuta ya gari la mgombea, mabango na vipaza sauti. Daraja halimo. Mahindi ya serikali hayamo. Mkazi wa Igunga alihitaji kuvuka Mbutu, na alikuwa na haki ya kuvuka kwa sababu analipa kodi. Daraja hilo halikuwa zawadi ya mtu. Jambo hilohilo lipo katika Mfuko wa Jimbo ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009: kamati inayogawa fedha hizo za umma inaongozwa na mbunge mwenyewe. Madawati na mabati ya zahanati yanafika yakiwa na sura ya mtu atakayeomba kura tena.

Harambee kubwa kuliko zote ninazozifahamu

Tarehe 12 Agosti 2025, ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam. CCM ilitangaza kukusanya zaidi ya Sh86 bilioni, taslimu na ahadi, kwa ajili ya kampeni. Lengo lilikuwa Sh100 bilioni. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba mwaka huo CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwamo kwenye karatasi ya kura. Naziweka taarifa hizi mbili pamoja kwa sababu mpiga kura wa Kahama alizipokea pamoja.

Kuchangisha hadharani ni bora kuliko kuchangisha gizani, hilo nalikubali. Kenya wana Sheria ya Ufadhili wa Kampeni tangu 2013, na ukomo uliotangazwa mwaka 2021 haukuwahi kutumika. Marekani, Januari 2010, miezi miwili kabla ya saini ya Kikwete, Mahakama ya Juu ilifungulia kampuni kutumia fedha bila ukomo katika uchaguzi. Sisi angalau tuna sheria inayompa waziri mamlaka ya kuweka ukomo kwa kuangalia ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na miundombinu. Ila mfanyabiashara anayechangia mabilioni anakumbukwa kwa jina baada ya uchaguzi. Mbeba mawe wa machimbo ya Mgusu anahesabiwa kwa asilimia.

Ahadi iliyorudi jukwaani mara nyingi kuliko zote Geita

Magwangala. Ni mawe ya taka ya mgodi mkubwa, ambayo kwa kijana mwenye nyundo na mtungi wa maji bado yana punje za dhahabu. Waombaji kura wamekuja na kuondoka na neno hilo mdomoni. Mwaka 2016 Rais Magufuli, akiwa Geita, aliuagiza mgodi uwape wananchi. Hakuna fomu ya gharama inayouliza ahadi kama hii ingemgharimu nani.

Hesabu iliyo mbali kuliko zote na mwenye kura

Baada ya uchaguzi, wagombea na vyama hupeleka taarifa za mapato na matumizi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Huko ndiko zinakokaa. Lakini serikali ya kijiji inatakiwa kusoma mapato na matumizi yake mkutanoni, na tunawakemea wenyeviti wasiofanya hivyo. Mwenyekiti wa kijiji kimoja huko Msalala anaulizwa habari ya shilingi laki mbili za kisima mbele ya watu wote; mbunge wake haulizwi na watu hao alitumia nini kufika Dodoma. Taarifa ya kila mgombea ibandikwe kwenye ofisi ya kata, kwa Kiswahili, na majina ya waliochangia zaidi ya kiwango cha sheria. Ibandikwe kabla ya siku ya kura pia, wakati wajumbe bado wanazungukiwa usiku. Karani wa soko la dhahabu anaandika gramu ngapi zimeuzwa na nani kabla jua halijazama, na kazi hiyo anaifanya kila siku ya soko.